Anwani ya Kavira

Tulimzika Papa Gervais Jumanne. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa na barabara zina waasi, kwa hiyo wanawe walioko ng'ambo walitazama mazishi ya baba yao kwenye simu, picha ikikatika kila mara. Sisi tuliobaki mjini tulikaa chini ya turubai uani kwake, mtaa wa Mapendo, tukala maharage na viazi, tukasikiliza yale yanayosemwa juu ya kila marehemu: hakugombana na mtu, alipenda watoto, alikuwa mwalimu. Kwake yalikuwa kweli, na hilo si jambo la kila msiba. Siku ya pili ya matanga, saa nne asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliingia uani amejifunga kitenge cheusi, viatu vimejaa vumbi la safari, akauliza polepole kama Dancille yupo. Dancille ni mimi. Nilimtambua kwa paji la uso kabla hajageuka upande wangu. Niliinuka, nikamwambia jirani yangu kwamba sukari imekwisha mezani, nikaingia ndani ya nyumba. Sukari ilikuwepo, bakuli zima. Nilikuwa namkimbia Kavira.

Niliingia chumba cha mbele nikafunga mlango. Siku hizi wanaweka humo magodoro na viti vya plastiki, lakini kuta ni zile zile za mbao, na dirisha ni lile lile linalotazama jiwe jeusi la volkano iliyoganda. Mwaka ambao volkano ilishuka mjini, moto ulifika hadi nyumba ya pili kutoka hapa ukasimama, bila sababu ambayo mtu angeweza kuieleza. Mke wa Papa Gervais, Mama Devota, alisema ni rozari yake. Papa Gervais, aliyekuwa amefundisha jiografia miaka ishirini, alisema ni mteremko. Walibishana juu ya hilo mezani mwaka mzima, huku wakipeana chumvi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Chuo nilichokuwa nikisomea kompyuta kilikuwa chini ya lile jiwe, pamoja na daftari zangu, na sikuwa na lolote la kufanya isipokuwa kuzunguka mjini kama wengine nikiangalia mahali vitu vilipokuwa. Papa Gervais alikuwa na kompyuta tatu, jenereta moja, na sahani kubwa ya mawasiliano juu ya mabati. Kabla ya moto ilikuwa cyber ya watu kuandikia ndugu zao walioko Ulaya. Baada ya moto aliigeuza kuwa chumba cha kutafutia watu, akaniita niende kumsaidia, na malipo yangu yakawa sahani ya mchana: bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku za baraka samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga. Chumba kilinuka petroli na samaki. Sijawahi kupata kazi niliyoipenda kuliko ile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu walikimbia moto wakapotezana, wengine kuelekea Gisenyi, wengine Sake, wengine kaskazini. Watoto waliookotwa waliwekwa katika nyumba za wasamaria, na kila mmoja aliandikiwa fishi, yaani karatasi yenye jina, mtaa aliotoka, umri wa kukadiria, na picha. Sisi tuliziweka fishi hizo kwenye tovuti, kila mtoto na ukurasa wake, ili ndugu aliye mbali aweze kumwona. Na mbali ilikuwa mbali kwelikweli, kwa sababu mwaka ule nchi ilikuwa imekatwa kama mkate. Goma ilikuwa na waasi wake, Butembo ilikuwa na waasi wake, na hao hawakuwa wakisalimiana. Mfanyabiashara wa Kinande aliyeacha mtoto Goma akaenda Butembo kuuza mzigo alijikuta katika nchi nyingine bila kuvuka mpaka. Simu za huku hazikufika kule. Barabara ilifunguliwa siku mbili, ikafungwa mwezi. Malori machache ndiyo yaliyopenya, kwa makubaliano ambayo madereva hawakupenda kuyaeleza.

Tovuti ile tuliitengeneza kwa programu tuliyopewa, na programu ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Anwani ya kila ukurasa ilikuwa ndefu kama treni: jina la tovuti, mstari wa mshazari, neno fishi, alama ya kuuliza, herufi mbili, alama ya sawasawa, tarakimu sita, alama nyingine, lugha, sawasawa tena. Mtu aliye kwenye kompyuta hiyo hiyo angebonyeza tu na ukurasa ungefunguka. Lakini watu wetu hawakuwa kwenye kompyuta hiyo. Habari zilienda kwa mdomo, kwa redio, na kwa dereva wa lori. Nakumbuka dereva mmoja mnene, amesimama hapo mlangoni, nikimsomesha anwani ya mtoto ili aifikishe kwa wazazi huko Kanyabayonga. Alirudia mara tatu, kila mara akipoteza kipande. Mwisho akavua kofia akaniambia, "Dada, hii adrese njo ya kupotezea batu, haiko ya kubapata." Papa Gervais alicheka hadi akakohoa. Halafu hakucheka tena, na wakati wa kula akaweka kijiko chini akasema kile alichokuwa akiwaambia wanafunzi wake juu ya ramani: "Adrese ni ya mwenye kukuya. Haiko ya mwenye kuikala." Yaani anwani ni ya anayekuja, si ya anayeishi pale. Mama Devota akamwambia ale, chakula kinapoa.

Nilizitengeneza anwani zote upya kwa wiki tatu, na sitajidai unyenyekevu, ilikuwa kazi safi. Nilizitupa zile tarakimu zote. Kila mtoto nilimtengenezea faili yake mwenyewe, na jina la faili likawa ndiyo anwani: jina la mtoto, kistari, mtaa wake, basi. Herufi ndogo tupu, kwa sababu herufi kubwa huwasumbua watu. Kistari nilikichagua kwa makusudi, maana kwenye kibodi zetu za Kifaransa kinapatikana kwa kidole kimoja, wakati nukta yenyewe inataka viwili. Mtu aliyesikia redioni angeweza kuandika bila kuuliza. Aliyeona anwani imeandikwa kwa makaa ukutani angejua ni ya nani kabla hajaifungua. Na zile mashine zinazotafuta kurasa kwenye mtandao, ambazo zilikuwa hazituoni kabisa, zikaanza kutuona, kwa kuwa sasa maneno waliyotafuta watu yalikuwa mle mle ndani ya anwani. Mtu alikaa Kampala akaandika jina la mtoto wa dada yake na la mtaa, na ukurasa wetu ukaja wa kwanza. Siku ujumbe wake ulipofika, Mama Devota alikaanga sambaza ingawa haikuwa Jumapili.

Moja ya anwani za kwanza nilizotengeneza ilikuwa kavira-mapendo. Kavira huyo alikuwa na miaka sita, na hakuwa kwa wasamaria wa mbali. Alikuwa hapa hapa, analala na wajukuu wa Mama Devota. Siku ya moto alikuwa na mama yake mdogo, wakapotezana kwenye umati, na mama mdogo hakuonekana tena. Kuhusu baba yake, mtoto alijua mambo mawili: kwamba yuko Butembo na kwamba watu wanamwita Papa Masika, kwa jina la dada yake mkubwa. Alikuwa mtoto wa maneno machache aliyependa kumenya viazi, na alimenya vizuri kuliko mimi. Tulimpa dereva yule mnene anwani, na safari hii aliirudia mara moja tu. Siku kumi na moja baadaye ujumbe ulitoka kwenye cyber moja ya Butembo, umeandikwa na mwenye cyber kwa niaba ya mzee aliyekaa pembeni yake. Ulisema: "Ni yeye. Ni mutoto wangu. Mumuambie niko nakuya, njia ikifunguka tu." Tulimsomea Kavira. Akauliza kama njia inafunguliwa asubuhi au mchana.

Njia haikufunguka. Mwenye cyber alituandikia mara mbili tatu kwamba mzee anakuja kila siku ya soko, anaketi, anaitaja anwani kwa kichwa, anamtazama mwanawe kwenye kioo kwa muda, anaondoka. Hakuwa na picha yake nyingine. Nasi huku tuliendelea. Fishi zilikuja kwa maboksi, kwa sababu mapigano ya kaskazini yalileta watoto wengine ambao volkano haikuwagusa. Tulikuwa na utaratibu wetu: Papa Gervais anasoma fishi kwa sauti, mimi ninaandika, picha zinakuja kando kwenye disketi. Wiki moja, baada ya mvua, Papa Gervais alisema kwamba itabidi Kavira apigwe picha mpya, amenenepa mashavu, baba yake afurahi. Siku mbili tatu baadaye, katikati ya boksi, akasoma: Kavira, Mapendo, miaka sita. Nikaandika. Mashine ikaniuliza kama nataka faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Nikabonyeza ndiyo. Kwa picha ikauliza tena, nikabonyeza ndiyo tena. Nilidhani ni Kavira wetu, ametengenezewa fishi mpya kwa ajili ya mashavu yake. Sikufungua ukurasa kuangalia. Nani anasubiri mtandao wa polepole vile ili aone picha ya mtoto anayemenya viazi chumba cha pili?

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mnande yeyote angeniambia kama ningemuuliza. Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu Kavugho, na kila nyumba inarudia hivyo hivyo. Mapendo ilikuwa imejaa wafanyabiashara wa Kinande, na kila mwenye mabinti wawili alikuwa na Kavira. Mimi nilikulia kwetu Rutshuru, kwa wasema Kinyarwanda, ambako kila mtoto hutafutiwa jina lake peke yake, na kichwani mwangu jina na mtu vilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimecheza na akina Kavira tangu utoto. Nilisoma na watatu darasa moja. Nilijua, na siku niliyotakiwa kujua sikujua. Nimewahi kusikia watu wakisema kosa kama hilo ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni moto kusimama nyumba ya pili badala ya ya tatu. Hili lilikuwa kosa, na lilikuwa la mtu aliyejivuna kwa kazi safi.

Miezi ikapita. Papa Masika hakuandika tena, nasi tukasema ni vita. Kila aliyechelewa mwaka ule tulisema ni vita, na mara nyingi ilikuwa kweli. Kavira alianza kukaa kwenye dirisha hili asubuhi na tena mchana, kwa kuwa hakuna aliyemjibu swali lake la saa. Kisha siku moja, mvua ikipiga mabati, ujumbe ukaja kutoka cyber ile ya Butembo. Nilikuwa peke yangu kwenye kiti. Uliandikwa: "Asanteni kwa kumuzika mutoto wangu. Niliona mumeweka mwengine mu nafasi yake, nikaelewa. Kilio tulishafanya. Mungu abarikie nyumba yenu." Niliusoma nikadhani umekosea njia. Halafu nikafungua anwani ya Kavira kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, ikafunguka polepole kutoka juu kwenda chini, paji la uso, macho, na kabla haijafika mdomoni nikajua huyo si yeye. Alikuwa mtoto mwenye sweta ya bluu, Kavira wa Mapendo kama wetu, anayetunzwa Kanyaruchinya. Nafasi ni moja, mtoto ni mwingine. Mzee alikuwa ameielewa kama kitanda cha hospitali: anapowekwa mgonjwa mwingine, humuulizi nesi yule wa kwanza amekwenda wapi. Na hakuuliza kwa sababu ya heshima. Aliona si vizuri kuwasumbua watu waliokwisha kumzikia mtoto.

Papa Gervais aliusoma juu ya bega langu. Chumba cha pili Kavira alikuwa akimwimbia mmoja wa wajukuu. Papa Gervais akavuta kiti, akakaa, akaniambia niandike kwamba Kavira yu hai, anakula, amenenepa, na kwamba kosa ni letu. Alisema "letu," na wakati ule nilidhani ni adabu tu ya mwalimu. Jibu la mwenye cyber lilikuja siku ya pili. Aliandika kwamba alimwendea mzee nyumbani kwake, kwamba mzee alimsikiliza akiwa amesimama, akamwomba arudie, kisha akaingia ndani kutafuta viatu. Walimwambia angoje lori. Aliwajibu kwamba amekwisha kumngoja mtoto mara mbili, akiwa hai na akiwa amekufa, na kwamba miguu anayo.

Alivuka. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau, kwamba alivuka mstari wa vita uliowashinda wanajeshi. Yule dereva mnene ndiye aliyetuletea habari, amesimama mlangoni pale pale, safari hii hakuvua kofia. Huko Kalengera, ambako kutoka hapo Goma ni mwendo wa saa chache kwa gari, mwanamke mmoja anayeuza chai kando ya barabara alimhudumia mzee mwenye viatu vilivyopasuka. Mzee alikunywa chai akiwa amesimama, akamuuliza, "Mama, Kavira-Mapendo ni kwa wapi?" Yule mwanamke hakumwelewa. Akarudia vile vile, jina na mtaa pamoja, kama mtu anayeulizia nyumba. Wakamwonyesha kusini. Mchana huo risasi zilianza juu ya barabara, watu wakatawanyika mashambani, na baada ya hapo hakuna aliyemwona tena, wala mwili wake. Nilikuwa nimetengeneza anwani rahisi hivyo, mtu angeweza kutembea nayo kichwani kutoka Butembo, akaiamini njia nzima.

Hatukuweza kumtengenezea ukurasa. Picha yake hatukuwa nayo, na jina lake halisi Kavira hakulijua. Nilirudisha ukurasa wa mtoto kwa kutumia fishi ya karatasi, nikaongeza namba mwisho wa kila anwani ili zisigongane tena, na ile ya kavira-mapendo tupu sikumpa mtu mwingine yeyote. Kavira wa sweta ya bluu alipatikana na ndugu zake mwezi uliofuata. Walikuja na kuku kutushukuru. Sikumla. Njia ilipofunguka hatimaye, mjomba wa Kavira wetu alikuja kumchukua, na mtoto aliondoka akiwa ameshika begi jipya, bila kugeuka dirishani. Nikaendelea na kazi hiyo hiyo maisha yangu yote. Vijana ninaowafundisha hunicheka ninapowaambia anwani ya mtu haipewi mtu mwingine hata akifa. Wanaona ni uzee. Nimewaacha waone hivyo.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimekaa juu ya godoro, mpaka mlango ukafunguliwa. Kavira aliingia na bakuli la sukari na vikombe viwili vya chai. Aliniambia amekuta sukari mezani, labda sikuiona. Alikaa mbele yangu. Akanieleza kwamba amekuwa siku tatu njiani, kwamba anafundisha shule ya msingi na ana mabinti wawili, na wa pili anaitwa kama yeye, utafanyaje. Tulicheka kidogo. Halafu akatazama chini ya kikombe chake.

"Nilikuya kumuambia Papa Gervais nimemusamehe," akasema. "Nimechelewa."

Nilimuuliza amsamehe nini, ingawa nilijua.

"Ile fishi, dada Dancille. Aliniambia nilipokuwa na miaka kumi na nane. Alisema njo yeye alifinya ndiyo kwenye mashine. Wewe ulimukataza, ulisema angalia kwanza picha, yeye akafinya tu." Akanishika mkono. "Nilimukasirikia miaka yote hii. Nilikataa hata barua zake. Lakini wewe, asante."

Barua zake. Sikujua kwamba alimwandikia. Sikujua kwamba mzee wa watu alikaa chumba hiki hiki, mwaka baada ya mwaka, akimwomba mtoto msamaha kwa kosa langu, na barua zikirudi. Niliona aibu. Sentensi niliyotakiwa kuisema ilikuwa na maneno matatu, na nilikuwa nayo mdomoni: ni mimi nilibonyeza. Nje wanawake walianza wimbo wa kanisani. Kavira alikuwa bado ameshika mkono wangu, akinitazama kama mtu aliyebakiwa na mmoja tu wa kumwamini katika mji huu.

"Alikuwa mutu muzuri," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kulia. Nikavuta bakuli la sukari, nikamuuliza anaweka vijiko vingapi. Akasema viwili. Nikamwekea viwili, nikamkorogea.